Msokoto wa kamba hauishi, unahama tu



Wengi wenu munajua kama nilimaliza elektromekaniki, na kama leo kazi yangu ni kupanda pilone za telefone juu ya vilima vya Kivu ya Kusini. Wenzangu wa promosyo wananichekaka: miaka yote ile ya masomo, halafu ukaenda kupanda chuma kama nyani! Sawa, ninakubali. Lakini leo siongei juu ya mshahara wala juu ya kukosa kazi. Ninataka kuongea juu ya kamba, na juu ya kitu kidogo kinachoitwa msokoto, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza kitu hicho kilimwacha mdogo wetu mmoja akining'inia hewani na mkono uliopondeka. Na kosa lilikuwa langu.

Tulikuwa watu watatu siku ile. Shefu wa ekipe, muzee ambaye hakumaliza sekondari lakini alianza kupanda pilone wakati mimi ningali shule ya msingi. Kijana mmoja wa staji. Na mimi, enjenyeri mwenye diploma mpya. Tulikuwa tunafunga antene, tuko kwenye jukwaa la mita 42, na mawingu yalikuwa yanapanda kutoka upande wa ziwa. Kijana akashika vibaya, chuma kikamponda vidole. Damu, kelele, uso ukabadilika. Kushuka ngazi kwa mkono mmoja haikuwezekana. Shefu akasema tumshushe kwa kamba, akashuka yeye mbele kwa ngazi kwenda kumpokea, akaniachia kazi ya juu.

Kamba yetu ilikuwa ya mita 60. Jana yake mimi ndiye niliyeikunja, namna ninavyoonaka mafundi wa umeme wanakunja waya: kuzungusha kati ya kiganja na kiwiko, zungu, zungu, mpaka mwisho. Ilikuwa nzuri kuangalia. Na kwa kuwa niliogopa isianguke chini, mwisho wake nilikuwa nimeufunga kwenye chuma cha jukwaa. Nikamfunga kijana, nikapitisha kamba kwenye musuketoni (ile pete ya chuma yenye mlango) kwa fundo tunaloita nusu-kabestani, nikaanza kumshusha polepole. Mita 5, mita 10, kila kitu sawa. Kufika karibu mita 20 nikaona kamba iliyobaki miguuni pangu imeanza kujikunja yenyewe. Vitanzi vidogo vidogo, kimoja juu ya kingine, kama nyoka anayejiuma. Nikavuta kwa nguvu. Mita mbili zaidi, halafu kitanzi kikaingia ndani ya musuketoni, kikakaza. Basi. Kamba haipandi, haishuki. Kijana yuko mita 20 juu ya ardhi, na matone ya kwanza yameanza.

Nitawaambia mbele namna tulivyotoka. Kwanza mujue kile kitu kilikuwa nini, kwa sababu mimi nilikuwa nimekisoma na sikukitambua.

Chukua kamba ya kiatu au waya wa chaja, sasa hivi, pale uko. Shika ncha mbili, ivute inyooke, halafu zungusha ncha moja kwa vidole mara ishirini. Ukiendelea kuivuta, hauoni kitu: imenyooka tu. Sasa leta mikono karibu. Paf! Katikati inaruka kitanzi, na kile kitanzi kinajisokota chenyewe. Hukuongeza kitu hapo. Mizunguko ilikuwa tayari ndani, ilikuwa imejificha kwa sababu kamba ilikuwa imevutwa. Ulipolegeza, ikatoka ndani ya mwili wa kamba ikawa umbo la nje.

Wale wa hesabu wanajua kama jambo hili lina fomula. Mromania mmoja, Călugăreanu, alilifungua kati ya miaka ya 1959 na 1961, halafu White na Fuller wakalipanua karibu na 1970. Kwa maneno ya kawaida: kama ncha mbili za kamba zimeshikwa, jumla ya mizunguko haibadiliki. Jumla hiyo inagawanyika sehemu mbili, msokoto ulio ndani ya mwili wa kamba, na vitanzi ambavyo kamba inachora hewani. Moja ikipungua, nyingine inaongezeka. Unaweza kubadilisha kimoja kuwa kingine asubuhi mpaka jioni, lakini kuondoa huwezi, maadamu ncha zote mbili zimeshikwa. Ni hesabu ileile ambayo wenzetu wa biolojia wanatumia kueleza namna ADN inavyojikunja ndani ya seli. Tofauti ni kwamba seli ina enzimu, topoizomeraze, ambazo zinakata uzi, zinapitisha, halafu zinaunga tena. Sisi juu ya pilone hatuwezi kukata na kuunga. Kwetu mlango ni mmoja tu: ncha iliyo huru.

Hilo njo jambo lote, wandugu. Mbinu zote nitakazotaja zinatoka pale.

Mizunguko inaingia kwa njia gani? Ya kwanza ni namna ya kukunja na kukunjua. Kila mara unazungusha kamba kwenye kiganja na kiwiko upande uleule, halafu unaivuta kutoka pembeni bila kuzungusha lile fungu, unaingiza msokoto mmoja. Mzunguko wa kiwiko ni karibu mita moja. Mita 60, basi karibu misokoto 60. Kamba mpya ni vilevile. Inakuja kwenye bobini, na mtu ana haraka: analaza bobini chini, anavuta kamba kutoka juu, inatoka kama chemchemi. Hesabu kidogo: kama bobini ina upana wa sentimita 25, mzunguko wake ni kama sentimita 78. Kamba ya mita 100 iliyotolewa hivyo inakuja na misokoto zaidi ya 120 kabla mtu hajaipanda hata siku moja. Ndiyo maana mara nyingi kamba mpya njo inasumbua kuliko ya zamani, na watu wanasemaka kiwanda kiliitengeneza vibaya.

Kiwanda hakina kosa pale. Kamba ya kupandia ya leo imetengenezwa isijizungushe. Munakumbuka namna wamama wanasokota katani juu ya paja? Nyuzi zinazungushwa upande mmoja, halafu zinaunganishwa kwa kuzungushwa upande mwingine, na ule upinzani njo unashika kamba. Lakini ukitundika mzigo kwenye kamba ile, inaanza kufunguka na mzigo unazunguka kama kichaa. Mwaka wa 1953 kiwanda cha Edelrid, Ujerumani, kilileta kamba ya namna nyingine: moyo wa nyuzi ndani, na ala iliyosukwa kuufunika. Katika nyingi za kamba hizo, nusu ya nyuzi za moyo zimesokotwa kuume na nusu kushoto, ili nguvu zao zipingane. Mtu akining'inia, hazunguki sana. Ya wapanda milima inanyumbuka ili kupokea anguko. Ndiyo wanayotumia kwenye barafu ya Rwenzori kufika Margherita, mita 5,109. Ya kwetu ya kazi, milimita 11, hainyumbuki sana, na ni ngumu zaidi mkononi. Kwa sheria za Ulaya ya kwanza ni EN 892, ya pili EN 1891, na hiyo namba utaikuta imeandikwa kwenye utepe wa kamba. Musizichanganye. Lakini kwa msokoto zote mbili ni ndugu: zinapokea kile unachoziingizia na zinakitunza.

Njia nyingine ya kuingiza ni kifaa cha kushukia. Chuma chenye umbo la nane kinapitisha kamba kwa mviringo usiolingana, na kila mshuko unaacha mizunguko nyuma. Nusu-kabestani ni mbaya zaidi kama unaishika vibaya. Nilikuwa sijui: ule upande wa kamba unaoshika mkononi unapaswa kwenda sambamba na upande unaobeba mtu, karibu karibu. Ukiufungua pembeni, kama nilivyofanya mimi kwa kuogopa, kila mita inaongeza msokoto. Vifaa vya kisasa ambamo kamba inapita kwenye mstari mmoja, kuingia na kutoka, vinasumbua kidogo sana.

Halafu kuna jambo ambalo lilitumaliza siku ile. Kifaa chochote kinachobana kamba kinafanya kazi kama kichanuo kwenye nywele. Dada zetu wanajua: ukianza kuchana kwenye ngozi ukishuka, mafundo hayafunguki, yanakusanyika mbele ya kichanuo mpaka kichanuo kinakwama. Kwenye kamba ni vilevile. Sehemu ambayo mzigo unavuta haiwezi kukaa na vitanzi, na msokoto wake mwingi unasukumwa nyuma, kwenye sehemu iliyolegea miguuni. Mita 22 zilipita, misokoto yake ikabaki kwenye mita 38, pamoja na ile iliyokuwako, pamoja na ile nilikuwa naongeza kwa mkono wangu. Na mwisho nilikuwa nimeufunga. Nilikuwa nimefunga mlango kwa ufunguo halafu ninashangaa nyumba inajaa.

Sasa turudi juu. Mimi nilikuwa ninavuta. Shefu akapiga kelele kutoka chini: "Usivute! Wacha kuvuta! Weye enjenyeri, mwisho wa kamba uko wapi?" Nikajibu kama nimeufunga hapa juu. Alinyamaza kidogo (ninajua alichokuwa anafikiri), halafu akaanza kupanga. Kijana alikuwa karibu na mguu wa pilone. Akamwambia aweke miguu kwenye chuma, asimame, na ajinase kwa lonji yake, ile kamba fupi ya kiunoni. Hiyo ilisaidia mara mbili. Mtu anayening'inia bila kutikisa miguu damu inakwama chini na anaweza kuzimia, hiyo ni hatari yenyewe. Na pili, kamba ikalegea, haibebi tena mtu. Kitanzi kilichokazwa na kilo 65 huwezi kukifungua kwa vidole. Kitanzi kisicho na mzigo kinafunguka.

"Sasa fungua mwisho, tupa yote inje. Inje ya pilone, isiguse chuma."

Nikahakikisha kwanza kama upande wa kijana umefungwa imara kwenye jukwaa, kwa fundo la pili, kwa sababu hapo kosa lingine lingekuwa la mwisho. Halafu nikafungua ule mwisho na kutupa zile mita 38. Kwa kuwa jukwaa liko mita 42, ncha ilibaki hewani, haikugusa majani. Na ikaanza kuzunguka. Wandugu, sijasahau. Ilizunguka kama feni, mwisho wa kamba ukichora duara, na vitanzi vikafunguka kimoja kimoja kutoka chini kuja juu. Sikufanya kitu. Nilitikisa tu mara kwa mara ili visishikane. Ikapunguza mwendo, ikarudi nyuma kidogo, ikatulia. Kile kitanzi cha ndani ya musuketoni nikakisukuma kwa kidole gumba kurudi kule kilikotoka, kikatoka. Tukamshusha kijana mita 20 zilizobaki, mikono yangu ikiwa sambamba kama mtoto wa komunyo. Mvua ilitukuta tayari ndani ya gari. Vidole vyake viwili vilishonwa, leo anafanya kazi vizuri, na bado ananikumbusha kila tukikutana.

Kwa wale ambao watashika kamba, iwe kwa pilone, kwa kupaka rangi majengo, kwa kupanda miamba siku ya kongé, hivi njo ninafanya sasa.

Kamba mpya sitoi kutoka pembeni ya bobini hata siku moja. Ninapitisha bomba au fimbo katikati, watu wawili wanashika, na mmoja anavuta. Bobini inazunguka yenyewe na kamba inatoka imenyooka. Kama ilikuja kama fungu bila bobini, mtu mmoja anaingiza mikono miwili ndani na kuzungusha, namna mtu anashikilia sufu ya kufuma. Baada ya hapo ninaipitisha yote mkononi mara mbili tatu, kutoka ncha mpaka ncha, kabla haijabeba mtu.

Kuzungusha kwa kiwiko niliacha. Kamba yetu inalala ndani ya mfuko: ninaingiza tu, kipande juu ya kipande, bila kuipanga. Watu wanaona ni uchafu, lakini kamba iliyosukumwa hivyo haipati mzunguko wa upande mmoja, na inatoka bila kelele. Anayetaka kuibeba mgongoni aikunje kwa mikunjo ya kwenda na kurudi, kuume na kushoto, shingoni au mkononi, si kwa duara. Kama ni lazima kuilaza chini, ilaze kwa umbo la nane: duara la kuume linafuta duara la kushoto.

Kutoa msokoto ambao umekwisha kuingia, dawa ya kwanza ni ile ya siku ile: itundike yote, ncha iwe huru, ngoja. Kama huna urefu, funga kifaa cha kushukia kwenye mti au nguzo, pitisha kamba yote, ukisukuma misokoto mbele mpaka itoke kwenye ncha. Hapo watu wengi wanakosea: wanafika kwenye mita za mwisho, wanaona fujo imejaa pale, wanachoka, wanaacha. Ile fujo ndiyo kazi yenyewe! Ndiyo misokoto yote imefika mlangoni. Shika ncha, izungushe upande wa kinyume, tikisa, mpaka mita za mwisho zilale kimya. Halafu rudia. Kamba iliyokaa vibaya miezi mingi inaomba mara tatu au nne. Kuikokota kwenye majani safi nako kunasaidia, lakini si kwenye mchanga wala vumbi la barabara, maana chembe zinaingia ndani ya ala na kukata nyuzi. Ikiwa imekuwa ngumu kwa uchafu, ioshe kwa maji safi na uianike kivulini. Jiki, hapana kabisa.

Musije mukasema niliwaambia muache fundo la mwisho. Fundo la kuzuia mtu asipite ncha ya kamba libaki. Limeokoa watu wengi. Fundo halizuii ncha kuzunguka hewani. Kinachozuia ni kuifunga kwenye kitu, au kuilundika chini ya mguu wa mtu. Na wale wanaoshuka kwa kamba mbili sambamba: weka kidole au musuketoni kati ya kamba mbili unaposhuka, zisisukane zenyewe kwa zenyewe, la sivyo huko chini utavuta mpaka jua lizame.

Kuna kitu kimoja kinachofanana na msokoto na si msokoto. Baada ya siku ile shefu aliniketisha chini ya paa la nyumba ya jenereta, akanipa kamba yote niipitishe mikononi, mita kwa mita, nikiipinda kidogo kila hatua. Kamba nzima ikipindwa inatengeneza duara lenye tundu katikati. Mahali ambapo moyo umeumia, inakunjika kwa pembe kama karatasi, au inakuwa laini, au nyembamba, au ina uvimbe. Pale hakuna kutikisa wala kutundika. Pale ni kisu. Nilipata mahali kama hapo, karibu mita 4 kutoka ncha moja. Si kitanzi chetu kilichofanya hivyo, kitanzi kilikuwa mbali na pale. Ni jeraha la zamani ambalo hakuna mtu alikuwa amelitafuta, kwa sababu kila mara kamba ilipojikunja pale tulisema "ni misokoto yake tu".

Shefu akakata, akachoma ncha kwa kiberiti isifumuke, akafuta alama ya 60 na kuandika 56 kwenye ncha zote mbili, halafu akatuita sisi wote wawili, kijana na bandeji yake, turudie kwa sauti: hamsini na sita. Kamba iliyokatwa ambayo watu wanaidhania bado ni nzima inaua kwa njia nyingine. Kile kipande cha mita 4 aliniachia. Mama anaanikia nguo nacho nyuma ya nyumba.